Ahadi ni Deni? Istilahi za Fidia katika Mikataba Midogo ya Ujenzi: Mfano wa Lorugum, Turkana

Ikisiri

Mkandarasi mdogo anapoondolewa kazini kabla ya kumaliza kazi yake, neno analokwenda nalo mahakamani huwa ni moja: fidia. Sheria, kwa upande wake, inatambua madai kadhaa, na kila dai lina namna yake ya kuelezwa, kuthibitishwa na kupimwa. Makala haya yanachunguza pengo hilo kwa kurejelea mazingira ya Lorugum katika Kaunti ya Turkana. Yanaonyesha kwamba Kiswahili cha kila siku, katika semi kama vile kula jasho, kutia hasara na kukata riziki, tayari kina tofauti ambazo neno fidia limezifunika. Yanapendekeza kuwa semi hizo zipewe nafasi katika mikataba na hati za madai, ili anayedai aeleweke na apate kile anachostahili.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema kwamba ahadi ni deni. Methali hii imetumika kwa muda mrefu kuwafunza watoto na watu wazima kutimiza waliyoyasema, na katika uwanja wa maadili haina kasoro. Ikichukuliwa kama kanuni ya sheria ya mikataba, hata hivyo, inazua swali. Deni ni kiasi kinachojulikana: mtu amekopa shilingi 5,000, anadaiwa shilingi 5,000. Ahadi iliyovunjwa haiji na kiasi chake. Mtu aliyeahidiwa kazi ya miezi mitatu kisha akaondolewa baada ya mwezi mmoja na nusu amepoteza kitu, lakini kile alichopoteza hakijaandikwa popote kwa tarakimu. Lazima kipimwe, na anayekipima ni mahakama.

Mkanganyiko huu umo ndani ya msamiati wenyewe. Neno deni na neno dai yote yana asili ya Kiarabu, lakini yametoka katika mizizi miwili tofauti: la kwanza lahusu kukopeshana, la pili lahusu kutoa madai. Katika matumizi ya Kiswahili maneno haya yamekaribiana mno. Msemaji akisema "ninamdai", msikilizaji huelewa kwamba kuna fedha zisizolipwa. Mdai ni yule anayewia, na mdai ni yule aliyefungua kesi ya madai. Kwa hiyo mkandarasi mdogo anayeingia mahakamani kama mdai huenda akaamini kuwa deni limekwisha kuthibitika, na kwamba kilichobaki ni kuamriwa alipwe. Kumbe safari ya kuthibitisha ndiyo kwanza inaanza.

Istilahi za sheria kwa Kiswahili si uwanja mpya. A. B. Weston alitoa orodha yake ya istilahi za sheria mjini Dar es Salaam mwaka 1968, na taasisi na vyama vya Kiswahili vimeendelea na kazi hiyo tangu hapo. Makala haya hayalengi kuongeza orodha nyingine. Yanalenga neno moja, fidia, na mahali ambapo upana wa neno hilo humgharimu mtu fedha.

2.0 Lorugum: lugha tatu katika saiti moja

Lorugum ni mji mdogo ulio magharibi ya Lodwar, karibu na mto Turkwel, na ni makao makuu ya kaunti ndogo ya Loima. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, ujenzi wa madarasa, zahanati, ofisi na miradi ya maji ukawa sehemu kubwa ya shughuli za umma katika Turkana. Kaskazini-magharibi ya Lodwar, kambi ya wakimbizi ya Kakuma iliyoanzishwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yaliyofuata, yameleta miradi ya mashirika mbalimbali. Miradi mingi ya aina hii hupewa kampuni zenye mtaji na vyeti, nazo hugawa sehemu ya kazi kwa watu wa karibu: huyu atajenga kuta, yule ataleta mchanga na kokoto, mwingine atapiga lipu na kuezeka.

Mgawanyo huo una msingi pia katika sheria. Chini ya Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2011, wakandarasi husajiliwa katika madaraja manane, kuanzia NCA 1 lililo juu hadi NCA 8. Kanuni za 2014 zilizotungwa chini ya sheria hiyo zinamtaka mkandarasi wa kigeni aahidi kuwapa wakandarasi wa nchini kazi ndogo zisizopungua asilimia 30 ya thamani ya mkataba. Ukandarasi mdogo, basi, ni njia ya kawaida ambayo fedha za mradi humfikia fundi wa mashinani.

Katika saiti ya mji kama Lorugum, lugha tatu hukutana. Hati za zabuni, michoro na orodha ya kazi na bei huandikwa kwa Kiingereza. Mapatano kati ya mkandarasi mkuu na mkandarasi mdogo hufanywa kwa Kiswahili, mara nyingi kwa mdomo au kwa karatasi moja. Maelekezo kwa vibarua hutolewa kwa Kiturkana. Bei inaweza kuafikiwa kwa lugha moja, ikaandikwa kwa lugha ya pili, na kazi yenyewe ikaelezwa kwa lugha ya tatu. Mzozo unapotokea, kila upande hukumbuka maneno ya lugha iliyomfaa.

Ifahamike kwamba mapatano ya mdomo yana nguvu ya sheria. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inadai maandishi katika mambo maalumu kama vile uuzaji wa ardhi na dhamana ya deni la mtu mwingine. Mapatano ya kujenga ukuta hayamo katika orodha hiyo. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 2, inaleta nchini kanuni za mikataba za Uingereza. Ndiyo sababu kesi za kale za Kiingereza zinaweza kuamua mzozo wa mchanga wa Turkwel.

3.0 Kiambishi -ki- na ahadi ya malipo

Kabla ya kufika kwenye fidia, kuna ahadi moja ambayo wanafunzi wa sarufi wataitambua mara moja. Mkandarasi mkuu humwambia mkandarasi mdogo: "Nikilipwa, nitakulipa." Sentensi hii ina maana mbili. Kiambishi -ki- huonyesha masharti, na huonyesha pia wakati. Kwa maana ya kwanza, malipo ya mwenye mradi ni sharti: yasipokuja kabisa, mkandarasi mdogo hana haki ya kulipwa. Kwa maana ya pili, malipo hayo yanapanga wakati tu: mkandarasi mdogo atasubiri kwa muda wa haki, lakini fedha zake zipo hata kama mwenye mradi hatalipa.

Utata huu umezisumbua mahakama za nchi zinazotumia Kiingereza pia, na Uingereza iliamua kuutatua kwa sheria. Sheria ya mwaka 1996 kuhusu mikataba ya ujenzi ilibatilisha masharti ya namna hiyo, isipokuwa pale ambapo yule anayetarajiwa kulipa amefilisika. Mahali ambapo hakuna sheria ya namna hiyo, tegemeo ni maneno yenyewe ya mkataba. Kiswahili kina njia rahisi ya kuondoa utata. "Nitakapolipwa, nitakulipa" inachukulia kwamba malipo yatakuja na inapanga wakati. "Iwapo sitalipwa, nawe hutalipwa" inaweka sharti waziwazi, na anayeombwa kuikubali ataona hatari yake. Mofimu moja ikichaguliwa vizuri siku ya mapatano inaweza kuokoa miezi ya kesi.

Jambo hili lina uzito kwa sababu mkandarasi mdogo kwa kawaida hana mkataba na mwenye mradi. Mkataba wake ni na mkandarasi mkuu peke yake. Hawezi kuiruka hatua hiyo akaidai kaunti au shirika, hata kama ukuta aliojenga unaonekana na kila mtu.

4.0 Semi za saiti na mafungu ya madai

Fidia ni neno lililokuja na maana ya kukomboa. Katika mafundisho ya Kiislamu hutumika kwa kile anachotoa mtu asiyeweza kufunga. Katika mafundisho ya Kikristo hutumika kwa ukombozi. Katika magazeti na ofisi limepanuka hadi kuhusisha malipo ya ardhi iliyotwaliwa, malipo ya mfanyakazi aliyeumia, malipo kwa mfugaji ambaye mifugo wake wameuawa na wanyamapori, na malipo kwa mkataba uliovunjwa. Upana huu unafaa katika taarifa ya habari. Katika hati ya madai unaleta hasara.

Mtu asiye mwanasheria hasemi kwa upana huo. Akieleza alivyotendewa, hutumia semi zenye mipaka, na mipaka hiyo inakaribia sana ile ya sheria.

4.1 "Amekula jasho langu"

Usemi huu hutumika pale ambapo kazi imefanywa na malipo hayajatolewa. Hausemi chochote kuhusu kazi ambayo haijafanywa. Kisheria, hili ni dai la ujira wa kazi iliyotendeka. Ikiwa bei imeafikiwa na hatua ya malipo imefikiwa, ni deni kwa maana kamili ya methali. Ikiwa bei haikuafikiwa, au kazi ilikatizwa katikati ya hatua, mahakama hukadiria thamani ya haki ya kazi hiyo. Ushahidi wake ni vipimo: urefu wa ukuta, idadi ya safu, tarehe, na mtu aliyeshuhudia kazi ikipimwa.

4.2 "Amenitia hasara"

Huu huelekea kwenye fedha zilizokwisha kutoka mfukoni: mchanga uliobaki saitini, mashine ya kukodi iliyokaa bure, nauli ya kurudisha vifaa Lodwar. Sheria huiita hasara mahususi, na kanuni yake ni kali. Katika kesi ya Hahn dhidi ya Singh, iliyoripotiwa mwaka 1985, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisisitiza kwamba hasara ya aina hii lazima itajwe waziwazi katika hati ya madai, kisha ithibitishwe kikamilifu, ingawa kiwango cha uthibitisho hutegemea mazingira ya tukio. Aliyeandika "naomba fidia" bila kutaja malori ya mchanga hawezi kuyaleta malori hayo siku ya kutoa ushahidi.

4.3 "Amenikatia riziki"

Riziki iliyokatwa ni ile ambayo ingekuja. Hapa pana faida iliyopotea kwa kuwa kazi haikumalizika. Msingi wake ni kanuni ya Robinson dhidi ya Harman ya mwaka 1848: fedha zimweke aliyekosewa, kadiri fedha zinavyoweza, mahali ambapo angekuwa kama mkataba ungetimizwa. Kanuni hii ina ncha mbili. Inampa faida ambayo hajaipata bado, na inamnyima kila kinachomfanya awe na hali bora kuliko ambavyo angekuwa kama mkataba ungekamilika.

Kanuni hiyo ina mpaka uliowekwa mwaka 1854 katika Hadley dhidi ya Baxendale. Kinu cha unga mjini Gloucester kilivunjika mhimili wa mashine, na mwenye kinu akampa msafirishaji mhimili huo aupeleke kwa watengenezaji uwe kielelezo cha kuundia mwingine. Msafirishaji alichelewa, kinu kikasimama siku zaidi, na mwenye kinu akadai faida ya siku hizo. Mahakama ilikataa. Hasara inayolipwa ni ile inayotokana na uvunjaji kwa njia ya kawaida, au ile ambayo pande zote mbili zingeweza kuitazamia wakati wa kupatana. Mwenye kinu angeweza kuwa na mhimili wa akiba. Msafirishaji hakuambiwa kwamba kinu kizima kilitegemea mzigo ule. Kwa mkandarasi mdogo funzo ni kwamba mambo ya pekee yasemwe mapema, na yasemwe mbele ya mashahidi.

4.4 "Ameniumiza moyo"

Dharau ya kufukuzwa mbele ya vibarua ni jambo zito katika jamii yoyote, na wazee wanaokaa chini ya mti kusuluhisha wanaweza kulitilia maanani. Mahakama, katika mkataba wa kibiashara, kwa kawaida hailipi uchungu wa moyo. Msimamo huo unajulikana tangu kesi ya Addis dhidi ya Gramophone ya mwaka 1909. Hapa ndipo neno fidia hupotosha zaidi, kwa kuwa msikilizaji wa kawaida hudhani kwamba fidia ni ya maumivu, wakati mkataba huangalia mizani ya fedha.

5.0 Hesabu ya mfano

Mfano ufuatao umebuniwa ili kuonyesha jinsi mafungu haya yanavyofanya kazi. Mkandarasi mdogo wa Lorugum anapatana kujenga kuta za madarasa kwa shilingi 900,000, kulipwa kwa awamu tatu za shilingi 300,000. Yeye ataleta mchanga, mashine na vibarua; mkandarasi mkuu ataleta saruji na mawe. Awamu ya kwanza inakamilika na kulipwa. Akiwa nusu ya awamu ya pili, mkandarasi mkuu analeta kundi jingine na kumfungia lango, bila sababu yoyote iliyo katika mapatano yao.

Mkandarasi huyu anaandika: naomba fidia ya shilingi 600,000, yaani kile kilichobaki katika mkataba. Kwa mantiki ya "ahadi ni deni", hesabu hii ni sahihi. Kwa mantiki ya mahakama, si sahihi, kwa kuwa ili kuzipata shilingi hizo 600,000 angelazimika kutumia fedha ambazo sasa hatazitumia.

Hesabu ya mahakama huenda hivi. Kwanza ni jasho: nusu ya awamu ya pili, shilingi 150,000. Pili ni riziki. Kazi iliyobaki ilikuwa na bei ya shilingi 450,000. Kuimaliza, pamoja na mchanga aliokwisha kuununua kwa ajili yake, kungegharimu shilingi 360,000. Faida iliyopotea ni shilingi 90,000. Tatu ni hasara mahususi. Malori kumi ya mchanga yaliyobaki saitini, kwa shilingi 6,000 kila moja, ni shilingi 60,000. Lakini ana ushahidi wa malori sita tu, kwa hiyo anapata shilingi 36,000. Mashine ya kuchanganya zege aliyoikodi kwa shilingi 3,000 kwa siku ilikaa siku 30 bila kazi. Hata hivyo, ingeweza kurudishwa ndani ya siku tano, na aliyekosewa ana wajibu wa kuchukua hatua za busara kupunguza hasara, kanuni iliyowekwa wazi katika kesi ya British Westinghouse ya mwaka 1912. Anapata siku tano, shilingi 15,000. Nne, aliuza mbuzi kwa bei ya chini ili awalipe vibarua. Kama mkandarasi mkuu hakuwa na habari kwamba malipo ya vibarua yalitegemea mbuzi hao, dai hili linakutana na mpaka wa Hadley.

Jumla ni shilingi 291,000. Ni chini ya nusu ya alichoomba. Lakini kila shilingi ina jina na shahidi, na kati ya fedha zilizopungua, shilingi 24,000 za mchanga zimepotea kwa kukosa karatasi nne tu.

Hesabu hii inahitaji uangalifu mmoja zaidi. Mchanga unaweza kudaiwa peke yake kwa sababu gharama yake imo ndani ya zile shilingi 360,000 zilizotolewa katika bei. Kama usingekuwamo, kuudai mchanga na faida kwa pamoja kungekuwa kulipwa mara mbili. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikabili hatari kama hiyo katika Dharamshi dhidi ya Karsan, iliyoripotiwa mwaka 1974, ikaamua kwamba fidia ya jumla haitolewi juu ya fidia iliyokwisha kupimwa kwa kiasi. Kesi hiyo imetajwa mara nyingi katika mahakama za Kenya, na ndiyo inayowakata maini wadai walioandika "fidia ya jumla" wakitumaini kwamba hakimu atajaza kiasi mwenyewe.

6.0 Upande wa pili wa mizani

Haki haina upande mmoja. Mkandarasi mkuu naye anaweza kuwa ndiye aliyekosewa: ukuta umepinda, kazi imechelewa, vibarua wametoweka. Hapa pia Kiswahili cha kila siku kinatofautisha "kazi yenye kasoro" na "kazi iliyoachwa", na sheria hufanya vivyo hivyo.

Katika Hoenig dhidi ya Isaacs ya mwaka 1952, fundi alipamba na kuweka samani katika nyumba kwa pauni 750. Kulikuwa na kasoro ambazo kuzirekebisha kungegharimu takriban pauni 56. Mahakama iliona kwamba kazi ilikuwa imetimizwa kwa kiasi kikubwa. Akalipwa bei yake ikiwa imepunguzwa gharama ya kasoro. Katika Bolton dhidi ya Mahadeva ya mwaka 1972, mtambo wa kupasha nyumba joto wa pauni 560 ulihitaji pauni 174 kurekebishwa na haukufanya kazi iliyokusudiwa. Fundi hakupata kitu. Tofauti kati ya wawili hawa ni swali moja: je, kilichotolewa ni kile kilichoahidiwa, kikiwa na dosari, au ni kitu kingine?

Aidha, si kila kasoro hulipiwa kwa gharama ya kubomoa na kujenga upya. Katika Ruxley dhidi ya Forsyth, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 1995, bwawa la kuogelea lilikuwa na kina pungufu kuliko kilichoagizwa, ingawa lilifaa kwa matumizi na thamani ya nyumba haikushuka. Kulijenga upya kungegharimu pauni 21,560. Mwenye nyumba alipata pauni 2,500 kwa starehe aliyoikosa. Gharama ya marekebisho lazima ilingane kwa busara na faida itakayopatikana.

Kuhusu ucheleweshaji, mikataba mingi huweka kiasi cha kukatwa kwa kila siku au wiki. Kwa Kiswahili kiasi hicho huitwa faini au adhabu, na jina hilo lina hatari. Tangu kesi ya Dunlop ya mwaka 1914, mahakama zimetofautisha makadirio ya kweli ya hasara, ambayo hutekelezwa, na adhabu ya kutisha, ambayo haitekelezwi. Uingereza ililegeza kipimo hicho mwaka 2015 kwa kuuliza kama kiasi kimezidi mno maslahi halali ya anayekidai. Mahakama huangalia kiini kuliko jina, lakini haifai mtu kuita "adhabu" kile anachotaka kitambuliwe kuwa makadirio. Istilahi "fidia iliyokadiriwa mapema" ingeeleza jambo hili vizuri zaidi.

7.0 Lugha ya mahakama na daftari la fundi

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 7, inaitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kifungu cha 86 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinaweka Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, na kinaruhusu Kiingereza au Kiswahili katika mahakama za chini. Dai la shilingi 291,000 ni la mahakama za chini. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 ilileta njia nyepesi zaidi kwa madai ya hadi shilingi milioni moja. Kwa hiyo mlango wa Kiswahili upo, hasa kwa watu wa kipato cha mkandarasi huyu. Tanzania imekwenda mbali zaidi: marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama.

Mlango uliofunguliwa hauna faida kwa asiye na la kusema. Anayesema "fidia" tu mbele ya hakimu amelisema jambo lake nusu. Anayesema "ujira wa kazi niliyoifanya, hasara hizi nilizozitaja, na faida niliyoikosa" amelipanga dai kwa namna ambayo mahakama inaweza kulipima, naye hajatumia neno hata moja la Kiingereza.

Methali ya pili inahitajika hapa: mali bila daftari hupotea bila habari. Kama "ahadi ni deni" hueleza wajibu, methali hii hueleza ushahidi, na mahakama huzihitaji zote mbili. Daftari la fundi lenye tarehe, majina ya vibarua, vipimo na sahihi ya nyapara ni ushahidi wa jasho. Risiti ya mwenye lori ni ushahidi wa hasara. Makadirio ya bei yaliyoandikwa kabla ya kazi kuanza ni ushahidi wa faida. Ujumbe wa malipo kwa simu nao una nafasi, ingawa Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 106B, inaweka masharti kwa rekodi za kielektroniki, cheti kikiwa mojawapo. Na daftari lisikae miaka: dai la mkataba hufa baada ya miaka sita chini ya Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uhaba unaodaiwa kuwamo katika Kiswahili cha sheria, angalau katika eneo hili, ni uhaba wa mpangilio. Lugha ina kula jasho, ina kutia hasara, ina kukata riziki; ina -po- ya wakati na iwapo ya sharti. Kilichokosekana ni kuyaweka mambo hayo katika karatasi ambayo mkandarasi mdogo anaweza kuisoma kabla ya kutia sahihi, na katika hati ambayo anaweza kuiwasilisha mapatano yakivunjika.

Pendekezo ni la kiasi. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, kwa kushirikiana na wanafunzi wa sheria, vinaweza kuandaa mkataba mdogo wa mfano wa kurasa mbili wenye vifungu vya bei, awamu, wakati wa malipo, upimaji wa kazi, fidia iliyokadiriwa mapema na usuluhishi, pamoja na hati ya madai iliyogawanywa katika mafungu ya ujira, hasara mahususi na faida iliyopotea. Wanaojua Kiturkana katika vyama hivyo wanaweza kuufasiri. Methali ibaki kama ilivyo: ahadi ni deni. Lakini anayekwenda Lodwar kulidai deni hilo aende akijua ni jasho, ni hasara au ni riziki, na ni shilingi ngapi kwa kila moja.